Kulehemu Chuma kwa Umeme wa Jenereta

Plau ikivunjika katika majuma ya kulima, mwenye shamba hawezi kukaa kitako, maana mvua haimngoji mtu. Zamani angalikwenda kwa mhunzi. Katika nchi kama Upare na Ufipa wahunzi walijua kuyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto, na kuunga kipande kwa kipande kwa moto na nyundo. Siku hizi aghalabu hutafutwa fundi wa kulehemu kwa umeme, ambaye kazi ya nusu siku huimaliza kwa dakika chache. Lakini mashine yake ni mlafi wa umeme. Na hata katika vijiji ambako nguzo za umeme zimekwisha kufika, shamba, kisima, kivuko na josho la ng'ombe mara nyingi viko mbali na nguzo ya mwisho. Ndipo fundi hupakia jenereta juu ya mkokoteni au bajaji, akaenda nayo kazini.

Basi katika mazungumzo haya twapenda kueleza jinsi mashine hizi mbili, ile ifanyayo umeme na ile iutumiayo, zinavyoweza kukaa pamoja bila kuharibiana. Jambo hili si dogo. Wako vijana waliomaliza mafunzo ya ufundi wakatoa akiba yao yote, pengine na fedha za mkopo, kununua jenereta. Kisha siku ya kwanza fimbo ikaganda juu ya chuma, injini ikaguna na kuzimika, na mwenye kazi akaenda kutafuta fundi mwingine. Wako na wengine ambao hasara yao haikuwa ya fedha, nasi tutawataja mbele.

Kulehemu kwa umeme ni kuyeyusha chuma kwa mwali. Waya mnene wa kwanza hubanwa kwa koleo juu ya kile kitu kinachotengenezwa. Waya wa pili humalizika katika mshikio, na mshikio umebana fimbo ya chuma iliyopakwa unga mgumu. Fundi akiigusisha fimbo na chuma, kisha akaiinua kidogo, kadiri ya unene wa fimbo yenyewe, umeme haukatiki. Huuruka ule mwanya na kuwaka. Joto la mwali huo hupita digrii 5,000 za Selsiasi, na chuma huyeyuka kwa digrii 1,538 tu. Ncha ya fimbo huyeyuka pamoja na kingo za vipande viwili, vyote vikawa kidimbwi kimoja, na kidimbwi kikipoa huwa chuma kimoja.

Unga ule uliopakwa juu ya fimbo si pambo. Ukiungua hutoa moshi unaoizuia hewa isiguse chuma kilichoyeyuka, na mabaki yake huelea juu na kuganda mfano wa mavi ya chuma, ambayo fundi huyabandua kwa nyundo. Fikra hiyo ya kuipaka fimbo ilikuwa ya Msweden Oscar Kjellberg, mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake, katika Dola ya Urusi, Nikolai Benardos alikuwa ametumia kijiti cha kaa, na Nikolai Slavyanov, mwaka 1888, fimbo ya chuma tupu. Kazi ikaendelea hata mwaka 1920 merikebu iitwayo Fullagar iliteremshwa majini huko Uingereza, nayo mwili wake wote ulikuwa umelehemiwa badala ya kupigwa ribiti.

Sasa tuje kwenye hesabu, na wanafunzi wachukue kalamu. Volti ni msukumo wa umeme, kama kimo cha maporomoko ya maji. Ampea ni wingi wa umeme unaopita, kama wingi wa maji yenyewe. Ukizidisha moja kwa nyingine wapata nguvu, nayo hupimwa kwa wati. Mwali wa kulehemu hautaki msukumo mkubwa, wataka wingi. Watengenezaji wa mashine hutumia kanuni hii: volti za mwali ni 20, ukiongeza na sehemu 4 katika 100 za hesabu ya ampea. Fimbo yenye unene wa milimita 3.2, iliyo ya kawaida kwa kazi za shamba, hutaka ampea 100 au zaidi kidogo. Kwa ampea 100, basi, volti ni 24, na nguvu ya mwali ni wati 2,400.

Mtu ataweza kusema: "Jenereta yangu ni ya wati 2,500, basi yanitosha." Haimtoshi, nasi tutaonyesha kwa nini.

Kwanza, mashine ya kulehemu yenyewe hula sehemu ya umeme na kuigeuza kuwa joto, ndiyo maana ina feni ndani yake. Mashine nzuri za siku hizi, ziitwazo inveta, hupitisha sehemu 85 hivi katika kila 100. Kwa hiyo ili mwali upate wati 2,400, jenereta ni lazima itoe 2,800. Hiyo bado si kitu. Shida kubwa ni namna inveta inavyounywa umeme. Umeme wa jenereta hupanda na kushuka kama mawimbi, mara 50 kwa kila nukta moja ya saa. Taa ya waya ya zamani au pasi huunywa umeme huo kwa utaratibu, wimbi lote tangu chini hata juu. Inveta nyingi hazifanyi hivyo. Hungoja kilele cha wimbi, zikagugumia funda moja kubwa, kisha zikafunga kinywa. Kazi inayofanyika ni ile ile, lakini waya za ndani ya jenereta huumizwa na ukubwa wa funda. Ndiyo sababu wenye kutengeneza jenereta huandika hesabu mbili: kilowati, yaani kazi ambayo injini yaweza kuifanya, na kVA, yaani mzigo ambao waya zake zaweza kuustahimili. Inveta ya kawaida inayolehemu kwa ampea 100 huipa jenereta mzigo wa kVA 4 hivi, ingawa kazi yenyewe haifiki kilowati 3.

Mashine za zamani zaidi, zile nzito za transfoma, ni mbaya kuliko hizo kwa jambo hili. Transfoma yenye volti 50 kabla ya mwali kuwaka, ikitoa ampea 100, hudai kVA 5 na zaidi. Tuseme ni 5.5. Ukigawanya 5,500 kwa volti 230 wapata ampea 24 karibu. Na jenereta ya kVA 5 haina haki ya kutoa zaidi ya ampea 22. Hapo waya zake zitapata moto, na rangi izihifadhiyo itaungua kidogo kidogo mpaka siku moja mtambo utoe harufu na kunyamaza. Transfoma ina sifa zake: haiogopi vumbi, na fundi aweza kuitengeneza mwenyewe. Lakini kwa mtu atakayefanya kazi yake kwa jenereta ndogo sisi twaonelea inveta ni bora, wala hatusiti kusema hivyo.

Katika bamba la jenereta mna tena jambo la kuangaliwa. Aghalabu huandikwa nguvu mbili: nguvu ya juu kabisa, ambayo mtambo waweza kuitoa kwa muda mfupi tu, na nguvu ya kudumu, ambayo waweza kuitoa kutwa. Muuza duka huitaja ile ya kwanza. Mnunuzi na aisome ile ya pili. Kwa fimbo za milimita 3.2 na inveta, jenereta ya kVA 5 ya kudumu hutosha. Kwa transfoma, asikubali chini ya kVA 7 au 8. Mwenye jenereta ndogo ya kVA 3.5 asikate tamaa: achukue fimbo ya milimita 2.5, ageuze kitasa mpaka ampea 70, na mzigo utashuka hata chini ya kVA 3. Ataunga polepole, pengine kwa kupita mara mbili au tatu juu ya kiungo kimoja, lakini ataunga.

Mabamba ya mashine za kulehemu nayo yasomwe kwa akili, kwa kuwa mengine husema uongo. Ziko mashine ndogo, uzito wake kama kuku wawili, zilizoandikwa ubavuni kwamba hutoa ampea 300, na waya wake una plagi ya kawaida ya ampea 13. Hebu tufanye hesabu kwa kanuni ile ile. Ampea 300 zingetaka volti 32, na 32 mara 300 ni wati 9,600. Ukigawanya kwa 230 wapata ampea 42 karibu, hata kama mashine isingepoteza kitu. Plagi ya ampea 13 itazitoa wapi? Mashine ya kweli huonyesha pia katika bamba lake ampea inazozivuta kutoka kwenye soketi. Alama yake ni I1, na kubwa kuliko zote huandikwa I1max. Zidisha hesabu hiyo kwa 230, nawe wajua mzigo utakaoiangukia jenereta kitasa kikiwa mwisho. Bamba likisema 28, basi mzigo ni 6,440, yaani kVA 6 na nusu hivi.

Wasomaji wetu wa nyanda za juu wana hasara nyingine ambayo watu wa pwani hawaijui. Injini hupumua hewa, na hewa ya milimani ni nyepesi. Kwa kila mita 300 za kimo injini ya petroli hupoteza sehemu 3 na nusu hivi katika 100 za nguvu zake. Nairobi na Mbeya ziko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Kwa hiyo jenereta iliyolehemu vizuri Mombasa au Tanga, ikifikishwa huko, imepungukiwa na sehemu moja katika tano. Tena kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani itamimina petroli nyingi kupita kiasi, injini itoe moshi mweusi na plagi yake ijae masizi. Fundi wa injini aweza kubadili kijitundu cha kabureta, na kazi hiyo si ghali. Nguvu ile iliyopotea, walakini, hairudi. Ni lazima iwekwe katika hesabu tangu siku ya kununua.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni waya wa kurefushia. Waya wenye unene wa milimita 1.5 za mraba, uliotandazwa mita 50, hupoteza volti 20 umeme wa ampea 17 ukipita ndani yake. Jenereta ikitoa 230, mashine yapata 210. Na injini ikilemewa kidogo, yapata 200 au chini ya hapo. Mwali huanza kukohoa, fimbo hunata, na fundi huilaumu mashine. Achukue waya wa milimita 4 za mraba na hasara itakuwa volti 7 na nusu tu. Tena aukunjue wote, hata kama kazi iko karibu, kwa sababu waya uliobaki umezungushwa katika gurudumu lake hukusanya joto, na mpira wake huyeyuka.

Injini ya jenereta ndogo aghalabu huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na mzunguko huo hulindwa na chombo kiitwacho gavana. Mwali ukiwaka ghafula, injini hujikwaa. Gavana huhisi, hufungua petroli, nayo injini husimama imara tena. Hayo huchukua kitambo. Mwali ukikatika, mambo hugeuka: petroli imekwisha kufunguliwa, mzigo haupo tena, na kwa kitambo kile kile volti hupanda juu kuliko haki yake. Jenereta zenye kirekebishi kizuri cha volti huutuliza mruko huo upesi. Zile zisizo nacho huuacha uende zake. Kwa hiyo mtu asithubutu kuchaji simu, kuwasha redio, wala kutia taa katika jenereta inayolehemu. Inveta yenyewe ina vitu vyepesi ndani yake ambavyo mruko mmoja waweza kuviunguza, na fundi mwenye hekima hufuata utaratibu huu: huwasha injini bila mzigo, huiacha ipate moto kwa dakika chache, ndipo huwasha mashine ya kulehemu. Akimaliza huizima mashine kwanza, na injini baadaye. Wala haiachi petroli iishe katikati ya kazi, kwa maana injini inayokufa kwa njaa hutapatapa, ikitoa volti nyingi na chache kwa zamu.

Kwa kuwa injini hunywa petroli hata fundi akiwa anapima tu, kazi yote ya kukata, kusafisha kutu kwa tupa na kupanga vipande ifanywe kabla ya kuiwasha. Fimbo ziwe kavu. Zile za namba 6013 huvumilia unyevu kidogo na huwaka kwa urahisi. Zile za namba 7018 hufanya kiungo chenye nguvu zaidi, lakini hazipendi unyevu hata kidogo, na huwa kaidi kwa mashine iliyopungukiwa na volti. Koleo la waya wa kurudishia lifungwe karibu na kiungo, juu ya chuma kilichosuguliwa. Akilehemu fremu ya mashine ya kusaga na koleo likawa upande wa pili, umeme utapita katika beringi na kuziharibu. Na kwenye trekta au gari, waya za betri zifunguliwe kwanza.

Tulisema kwamba wako waliopata hasara isiyo ya fedha. Moshi wa injini ya petroli una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Mvua ikinyesha, mtu huona vema kuingiza jenereta kibandani, au kuiweka mlangoni. Baada ya muda kichwa chamuuma, magoti yalegea, akaketi kupumzika, na asiinuke tena. Jenereta ikae nje siku zote, hatua kumi au zaidi kutoka kwenye mlango na dirisha lolote, mahali ambapo upepo hauurudishi moshi kwa watu. Umbali huo wafaa kwa jambo jingine pia, kwani cheche za kulehemu huruka mbali na tangi la petroli liko juu ya injini. Asiongeze petroli injini ikiwa bado ya moto. Na mvua ikianza, kazi isimame: volti 80 zilizo katika mshikio zaweza kumwua mtu aliyelowa jasho au maji, ingawa mikono mikavu huzidharau.

Pipa lililowahi kutiwa petroli au mafuta lisilehemiwe kamwe kwa kuambiwa tu kwamba ni tupu. Pipa tupu lina mvuke, na mvuke ndio ulipukao. Hata la dizeli ni hivyo, kwa kuwa joto la mwali huugeuza mvuke utando uliobaki ndani. Mwenye pipa na anunue jingine.

Mwanga wa mwali una miale isiyoonekana ambayo huchoma macho kama jua lichomavyo ngozi. Maumivu hayaji papo hapo. Huja usiku, saa sita au zaidi baada ya kazi, na mtu huona kama macho yake yamejaa mchanga. Kioo cha kulehemu cha namba 10 au 11 ndicho kifaacho kwa ampea 100, wala miwani ya jua haiwezi kushika nafasi yake. Wanaoumia zaidi mara nyingi ni watoto wanaozunguka kutazama, nasi twawaomba mafundi waweke pazia la turubai au gunia nene upande wa njia. Aliyeumia asisugue macho wala kutia dawa za kubahatisha, aende zahanati.

Mwisho ni mabomba na mabati yaliyopakwa zinki. Yakilehemiwa hutoa moshi mweupe, na aliyeuvuta hupatwa usiku na homa, kutetemeka, kiu na maumivu ya viungo, mambo yanayofanana mno na malaria. Kwa kawaida homa hiyo huondoka yenyewe kwa siku moja au mbili, lakini asiyejua sababu hununua dawa za malaria bure, au, vibaya zaidi, mwenye malaria ya kweli hudhani ni moshi tu. Basi damu ipimwe, na mganga aambiwe kazi iliyofanywa siku ile. Wako mafundi wanaoamini kwamba maziwa huondoa sumu ya moshi. Maziwa ni chakula chema, lakini huenda tumboni, na moshi huenda mapafuni. Ifaayo ni kuisugua zinki iondoke, upana wa vidole viwili kila upande wa kiungo, kufanya kazi mahali penye hewa, na kusimama upande ambao upepo watoka. Na kama mkandarasi ataka mabomba mengi ya namna hiyo yaungwe kwa siku moja ndani ya chumba kisicho na madirisha, fundi akatae mpaka apewe mahali pa wazi.